Tofali la Tonton Séraphin

Tonton Séraphin Tshibangu alikuwa mtu aliyechoka. Sisemi mvivu. Mvivu hupumzika, yeye hakupumzika. Usiku alisafisha sakafu za hospitali kule Woluwe, asubuhi akapanda metro pamoja na watu waliotoka kuoga, akarudi Saint-Gilles, mtaa wetu hapa Bruxelles, kupanda ngazi za nyumba yetu, ambayo mwenye nyumba alikuwa ameikatakata vipande hadi jiko la zamani la mtu likawa chumba cha kulala cha mwingine. Yeye alikaa juu, mimi chini yake. Kila asubuhi nilisikia kiatu chake kikidondoka sakafuni, halafu kimya kirefu, halafu cha pili. Kimya kile ndicho kilichonisikitisha, maana nilijua ameketi kitandani akitafuta nguvu za kuvua kiatu kimoja.

Nami sikuwa na nafuu. Naitwa Mujinga, mzaliwa wa Kolwezi kule Kongo, na kazi yangu ilikuwa kuwainua wazee wa Kibelgiji vitandani katika nyumba ya wazee huko Berchem, mpaka mgongo wangu ukawa mzee kuliko wao. Yeye alikulia Likasi. Huku ugenini Kolwezi na Likasi ni mlango na dirisha, kwa hiyo nilimwita tonton, yaani mjomba, na yeye akanifokea kama mpwa wake.

Mwisho wa wiki mtu huyo alikuwa mpiga picha. Ubatizo, harusi, na zaidi ya yote matanga, kwa sababu ndugu waliobaki Katanga hawaamini kwamba msiba umefanywa vizuri mpaka waone kwa macho yao. Kamera yake ilikuwa Argus C3 ya Marekani, nyeusi, ya pembe nne, nzito, yenye magurudumu ya meno usoni kama saa iliyofunguliwa tumbo. Wamarekani wenyewe waliibandika jina la utani: tofali. Sisi pia tuliiita tofali, na wala hatukujua kwamba tumewaiga. Vijana waliokuja na kamera za dijitali walimcheka waziwazi. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Tofali lilikuwa la baba yake. Baba alilipata kwa mwalimu mmoja wa Kimarekani, Mmethodisti wa Mulungwishi, siku mwalimu yule alipofunga mizigo kurudi kwao. Kwa kamera hiyo mzee akafungua studio Likasi, na Séraphin akakulia ndani ya chumba chenye taa nyekundu na harufu ya dawa za picha. Kisha ikaja ile miaka ya tisini, watu wenye majina ya Kasai kama lake walipofukuzwa Likasi na kulala kwenye kituo cha treni. Aliyemficha yeye na kamera yake, chini ya kitanda chake mwenyewe, alikuwa mama wa rafiki yake Aristote, maman Pétronille. Tonton hakupenda kusimulia siku hizo. Alisema tu kwamba chini ya kile kitanda kulikuwa na vumbi jingi.

Ambacho alipenda kusimulia, Mungu atusaidie, ni historia ya kampuni. Ukimuuliza saa ngapi, alikuambia Argus. Alikuwa ameiokota vipande vipande kwa wauzaji wa vitu vya zamani pale Place du Jeu de Balle, alikokwenda kutafuta vipuri, na akaishika kama watu wengine wanavyoshika ukoo wao.

Mwanzoni, alisema, hawakuwa watu wa kamera. Walikuwa watu wa redio, katika mji mdogo unaoitwa Ann Arbor, jimbo la Michigan, miaka ile ya thelathini Marekani nayo ilipokuwa na njaa. Mkubwa wao akasafiri Ulaya, akaona kamera ndogo za Wajerumani, nzuri, za matajiri. Akarudi kwao na swali moja: kwa nini fundi wa kiwandani asipige picha ya mtoto wake? Mwaka 1936 wakatoa Argus ya kwanza, mwili wake wa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya maredio yao, kwa dola kumi na mbili na nusu. Watu wakaigombania. Kisha ikaja C3, ikatengenezwa kuanzia 1939 mpaka 1966, zaidi ya milioni mbili. Katikati vita vikaingia, kiwanda kikatengeneza lenzi za vifaru. Baada ya vita kila baba wa Kimarekani alikuwa na tofali shingoni.

Hapo sauti ya tonton ilishuka. Wajapani walikuja na kamera nyepesi. Kampuni ikauzwa, ikauzwa tena, kiwanda kikahama mjini, na mwisho lililobaki ni jina tu, likipita mkono kwa mkono kama shati la mitumba. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka Chicago alimletea zawadi: kikamera cha dijitali cha plastiki, chepesi kama kiberiti, kimeandikwa Argus. Tonton alikigeuza, akakisoma, akamrudishia mwenyewe. "Balizika muntu, bakabakisha jina," akasema. La kuvunda halina ubani, nikamjibu, lakini hakutaka kufarijiwa.

Tofali lina kasoro moja, na kisa chote kimo humo. Kwenye kamera nyingine, usipovuta filamu kwenda mbele, kitufe hakibonyezeki. Tofali halikulindi. Unavuta kishikio cha mbele, unabonyeza, picha imeingia. Kama umesahau kuzungusha filamu, unavuta tena, unabonyeza tena, na picha ya pili inaingia juu ya ile ya kwanza. Tonton alijua hilo tangu utoto. Katika miaka yote niliyomfahamu alikosea mara moja.

Aristote alikufa huku huku ugenini Februari 2007, moyo, ghafla, akiwa bado kijana kwa hesabu zetu. Alimwacha mke wake Cécile na watoto wawili. Cécile alitaka watoto wawe na kaburi la kutembelea, basi wakamzika hapa Bruxelles. Kwa maana hiyo maman Pétronille, kule Likasi, hakuuona mwili wa mwanawe. Kwetu jambo hilo si dogo. Alimwambia tonton kwenye simu, kwa kile Kiswahili chetu ambamo njo ni ndiyo: "Séraphin, weye njo macho yangu. Piga bafoto, nione."

Siku ya mazishi tonton alitoka zamu moja kwa moja. Katika chumba cha maiti alipiga picha ya jeneza, na maua, na mshumaa mmoja uliowaka kichwani pake. Alikuwa analia, na mtu anayelia na kupiga picha kwa wakati mmoja hafanyi vizuri lolote kati ya hayo mawili. Watu wakamsukuma, gari zinaondoka, tonton, haraka. Akatia tofali mfukoni.

Tulipofika kwenye ukumbi wa parokia, ilikuwa zamu ya Donat. Donat alikua na Aristote mtaa mmoja, lakini zaidi ya urafiki walikuwa watani: Aristote ukoo wa Mbuzi, Donat ukoo wa Chui. Mtani ana kazi yake msibani. Anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa ili huzuni isiwameze wazima. Donat aliingia amevaa koti la Aristote, lile la rangi ya maziwa, na kofia yake imeshushwa usoni, akitembea kama yeye, akiwadai watu bia kama yeye. Tulicheka huku machozi yanatiririka. Wabelgiji wawili, wafanyakazi wenzake Aristote, walitutazama kama watu waliokosea mlango. Donat akasimama mbele ya pazia jeusi la jukwaa, akainua mkono kutusalimu. Tonton akavuta kishikio, akabonyeza. Hakuwa amezungusha filamu.

Picha zilitoka dukani siku ambayo jamaa mmoja alikuwa anasafiri kwenda Lubumbashi. Bahasha ilitoka mkono wa muuza duka ikaingia mkoba wa msafiri. Hakuna aliyeifungua.

Wiki chache baadaye maman Pétronille alipiga simu. Nilikuwa kwa tonton, nimempelekea fufu.

"Séraphin, bafoto imefika. Asante, mutoto yangu. Lakini Aristote eko amesimama."

"Maman?"

"Eko amesimama juu ya sanduku. Na veste yake, na kofia yake. Bougie inawaka mu kifua yake. Anatusalimia. Basi mie nitatosha kilio ya muntu mwenye eko anasalimia?"

Tonton aliketi. Alielewa palepale, niliona kwa jinsi kidole gumba chake kilivyozunguka hewani, kama mtu anayezungusha filamu iliyochelewa.

Kilio chetu kina mwanzo, na kina mwisho tunaouita kutosha kilio, yaani kukitoa, na mwisho huo uko mikononi mwa familia ya mume. Mpaka mama wa marehemu aseme neno, mjane hatolewi kilio. Cécile alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alivaa nguo nyeusi, hakusuka nywele, hakucheza harusini, hakuimba kwaya. Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu Likasi, watoto wakamsalimia kambo, yaani bibi yao, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kwa adabu, na jibu likawa lile lile: Aristote eko amesimama. Mwaka wa kwanza ukapita, tukasema ni uchungu wa mzazi. Wa pili nao ukapita.

Utaniuliza: Bruxelles hapa, nani angemkamata akivua nguo zile? Niliuliza mimi mwenyewe, tena kwa sauti. Hakuna polisi wa kilio. Lakini mtoto wake mdogo alipata pumu mwaka ule ule, na Cécile akajiambia, nikivua bila ruhusa na mtoto akizidiwa, nitamlaumu nani? Woga wa namna hiyo hauondoki kwa kuambiwa wewe uko Ulaya. Na alikuwepo mwanamume, fundi wa mabomba, mtu mpole wa kwetu Kolwezi, aliyetaka kumwoa kwa heshima zote. Alisubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka 2009 akamwambia kwamba Noeli hiyo ikipita, atajua kwamba jibu ni hapana.

Cécile alipanda ngazi mpaka kwa tonton. Hakuketi.

"Tonton, ni appareil yako njo ilinifunga," akasema akilionyesha tofali kwa kidole. "Donc ni weye utanifungula."

Tonton alinunua kadi ya simu, akapiga Likasi. Kama angesema tu, maman, nilisahau kuzungusha filamu, ingekuwa dakika moja. Lakini aliona haya. Mtoto wa studio, mtu aliyefichwa chini ya kitanda cha mama huyo huyo, aseme kwamba siku aliyoombwa awe macho alisinzia? Basi akazunguka mbali.

"Maman, sikia. Ile appareil ilitengenezwa na bantu ba radio..."

"Radio inaingia wapi mu mambo ya mutoto yangu?"

"Niko nafika, maman. Mu trente-six, bakatosha ya kwanza..."

Nilikuwa nimekaa pembeni nikishika kichwa. Alimpitisha mama wa watu Ann Arbor, akampitisha kwenye bakelaiti, na alikuwa ameanza vifaru ile kadi ikaisha. Nilimtukana kidogo. Alinikubalia kwa kichwa, kisha akasema anakwenda kulala.

Jumamosi iliyofuata aliniita. Alikuwa ametundika shuka jeusi nyuma ya kiti kirefu na kuweka tofali juu ya vitabu mezani.

"Mujinga, vuta kishikio hiki, bonyeza. Halafu usiguse kitu. Kabisa."

Aliketi upande wa kushoto ameshika kikombe. Nikabonyeza. Akahamia kulia, akageuza uso kutazama pale alipokuwa. Nikavuta, nikabonyeza tena. Picha ilipotoka, walikuwa akina Séraphin wawili kwenye kiti kimoja, mmoja akinywa chai, mwingine akimtazama kama anayemwambia, ndugu, nenda kalale. Wote wawili walikuwa wamechoka.

"Sasa namuua Aristote mara ya pili," alisema huku akiifunga ile picha kwenye bahasha. Nilimwambia aache maneno ya ajabu, Cécile anangoja. Lakini nilimwelewa. Mama yule alikuwa na mtoto mmoja tu, na kwa miaka miwili na nusu alikuwa na karatasi moja inayosema bado anasimama. Sasa Séraphin, ambaye roho yake ilikuwa deni kwa mama huyo, alikuwa anampelekea karatasi nyingine ya kumnyang'anya ile ya kwanza.

Msafiri alikwenda nayo Oktoba. Maman Pétronille akapiga simu mwenyewe. Sikio la tonton la kulia lilikuwa bovu, kwa hiyo alizoea kufungua sauti ya simu ikasikika chumba kizima.

"Nimeona," akasema. "Muko babili."

"Njo vile, maman. Filme moja, bantu babili. Ile ya Aristote ni vile vile. Nilisahau kuzungusha. Mwenye alisimama ilikuwa Donat na veste yake. Unisamehe, maman."

Kule Likasi mlango ukafungwa. Nilidhani analia.

"Séraphin, uko peke?"

Tonton alinitazama. Nilikuwa nimeshika chungu chake, nikabaki hivyo hivyo.

"Niko peke, maman."

"Donat nilimujua siku ya kwanza," akasema. "Nilimuogesha mu bassin moja na Aristote. Anasimamaka bega moja chini, sitamujua? Na mie nilizaliwa wapi? Nani hajue kama mutani anavaaka manguo ya marehemu?"

Tonton alisogeza simu karibu na mdomo.

"Basi kwa nini, maman? Cécile anateseka. Miaka mbili na nusu."

"Juu kila dimanche ananipigia. Bajukuu banasema bonjour kambo. Mukubwa ananielezea masomo, mudogo anakohoa, nasikia vile anakohoa. Siku nitatosha kilio, ataolewa. Bwana mupya naye eko na mama yake. Mie atanipigia juu ya nini?"

"Mie nitakupigia. Kila dimanche, maman."

"Weye uko mutoto muzuri." Alisema polepole, kama anayemfariji yeye. "Ambia Donat amunawishe, kilio imeisha. Lakini usimwambie Cécile haya. Akijua, atanipigia juu ya huruma. Sitaki. Unaahidi?"

Akaahidi. Simu ilipokatika nilitua chungu kwa kishindo. Nilikasirika, nakwambia. Miaka miwili na nusu ya ujana wa mwanamke, nywele hazijasukwa, mwanamume mwema karibu aondoke, kisa bibi anataka kupigiwa simu! Nilisema hayo yote kwa sauti na mengine ambayo siandiki. Kisha nikawakumbuka wazee wangu wa Berchem, ambao watoto wao wanakaa vituo viwili tu vya tramu kutoka pale, na hasira ikaniponyoka. Niliitafuta, sikuipata tena.

"Weye hukuahidi kitu," tonton akaniambia mwishowe.

"Unataka nimwambie?"

"Hapana," akasema. "Sijui."

Sikumwambia.

Tulimtoa Cécile kilio mwezi Novemba, katika ukumbi ule ule. Donat, mtani, alimnawisha uso kwa maji ya beseni, akimtania kwamba amezeeka na mahari yake imeshuka, na wanawake wakamvika kitenge cha kijani. Alipovua kile kitambaa cheusi kichwani, watoto wake walimwangalia kama mgeni. Alicheza mpaka akavua viatu. Tonton alipiga picha, na kila baada ya picha nilimsikia akisema peke yake, nazungusha. Fundi wa mabomba alisimama karibu na mlango ameshika koti la Cécile, akitabasamu kwa watu wote. Sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha namna ile kwa kushika koti.

Kabla ya Noeli Cécile na fundi wake walihamia Berchem pamoja na watoto, nyumba yenye lifti. Cécile hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Jumapili ya kwanza walikuwa wanapanga masanduku. Ya pili watoto walikuwa na mpira. Ya tatu alisema atapiga jioni. Alisahau kama sisi sote tunavyosahau jambo ambalo hakuna tena anayetulazimisha. Naye tonton, ile Jumapili ya kwanza, alikuwa amepangiwa zamu mbili mfululizo. Ya pili alilala akiwa na simu mkononi, mimi mwenyewe nilimfunika.

Jumapili ya tatu alishuka kwangu na viatu vyake vya kazi bado miguuni. Alisema chumbani kwake ataketi kitandani, na akiketi kitandani atalala. Nikampa kiti kigumu. Akabonyeza namba za Likasi, akafungua sauti kama kawaida yake, akafumba macho kungoja.

Haikulia hata mara mbili.

"Cécile?" sauti ikasema. "Allô, Cécile? Batoto beko wapi? Nipe mudogo kwanza."

Tonton alifumbua macho.

"Ni mie, maman," akasema. "Ni Séraphin."